Kabureta ya gari la zamani huku kusini: kabla hujanunua mpya fanya haya kwanza

Wenye Land Rover 109, Peugeot 504 na Datsun za zamani mliopo Mtwara, Mikindani, Lindi mpaka Nachingwea huko, hii ni yenu, maana kila siku naona mtu gari inakosa sailensa (ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) au inakula mafuta anaambiwa kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) imekufa tafuta nyingine, afu ile ya asili inaenda kwenye skrepa. Inaniuma kweli. Bodi ya kabureta ya zamani ni ngumu kufa, vinavyokufa ni mipira, gasketi na nidili (kisindano kinachofungua na kufunga petroli isijae), na hivyo vinanunulika, ila bodi ya asili ukishaitupa kuipata tena ni kazi.

Shida yetu ya pwani ni chumvi. Bodi nyingi ni aloi ya zinki au aluminiamu, hewa ya bahari ikiingia inatoa ule unga mweupe ndani ya bakuli (kile kichumba cha kabureta kinachokaa petroli), na ukibanduka unaenda moja kwa moja kuziba jeti (kile kipande chenye kitundu kinachopima petroli). Ongeza gari linalopaki muda mrefu, petroli kwenye bakuli inakauka inaacha utando wa kunata. Na petroli ya madumu msimu wa mvua inakuja na maji, maji ni mazito kuliko petroli kwa hiyo yanakaa chini kabisa ya bakuli, palepale jeti kuu inaponyonyea, ndo maana gari inakohoa ukikanyaga mafuta afu inazima.

Ila kabla hujashika bisibisi angalia moto kwanza, yani umeme wa kwenye plagi. Pointi zikiungua au kondensa ikichoka gari inamisi vilevile kama kabureta mbovu na watu wengi wanahangaika na kabureta bure. Kwenye Land Rover ya petroli nafasi ya pointi iwe karibu milimita 0.4, plagi safi, waya wazima. Ukiridhika hapo ndo uende kwenye mafuta.

Toa waya wa betri, fanyia nje penye upepo, hakuna sigara wala jiko la mkaa karibu, na ndoo ya mchanga iwe pembeni. Piga picha na simu kila hatua kabla hujafungua, hasa vile vifimbo na springi za pembeni. Tandika kitambaa cheupe, jeti ikidondoka mchangani umeumia.

Jeti usizichokonoe na waya hata siku moja!! Namba iliyogongwa kwenye jeti za kabureta za Solex na Weber ni upana wa tundu kwa sehemu ya mia ya milimita, yani 125 ni milimita 1.25, sasa waya wa chuma ukikwangua kidogo tu umeshabadilisha kipimo na gari itakula mafuta maisha yake yote. Tumia uzi wa nailoni wa kuvulia, huku kwetu haukosekani, loweka jeti kwenye petroli safi, pitisha uzi taratibu, afu puliza na kompresa. Vitundu vya kwenye bodi navyo puliza vyote. Mipira na diaframu toa kabla hujaweka dawa yoyote kali maana sina (thinner ya rangi) inaikakamaza.

Floti (lile boya la ndani ya bakuli) itikise sikioni, ukisikia mafuta yanacheza ndani imetoboka. Kama husikii kitu bado izamishe kwenye maji ya moto, vipovu vitakuonesha tundu lilipo. Ya shaba inachomelewa kwa risasi (kidogo sana, ikizidi inakuwa nzito na mafuta yanapanda), ya plastiki nunua nyingine. Nidili ukiikuta na mkanda ulioliwa pale kwenye ncha badilisha pamoja na kikalio chake, na ile washa (pete bapa) ya chini yake rudisha ya unene uleule sababu ndo inayopanga usawa wa mafuta.

Wenye Land Rover yenye kabureta ya Zenith 36 IV nisikilizeni vizuri hapa. Kuna oringi (pete ya mpira) moja ndogo kati ya mfuniko wa juu na kile kipande chenye jeti, ikishalala gari inakula mafuta, moshi mweusi, sailensa haishikiki hata useti vipi. Pia mfuniko unapinda kwa sababu watu wanakaza skrubu kwa hasira. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa mfuniko kwa mzunguko mpaka ung'ae sehemu zote, weka oringi mpya na gasketi mpya, kaza kwa zamu pembe kwa pembe. Wengine wanafunga kabureta ya Weber 34 ICH, inatembea na inabana mafuta, lakini mi bado nasema Zenith iliyotengenezwa vizuri inavuta zaidi mlima wa Newala.

Fimbo ya chini ya kabureta, ile inayozungusha kipepeo ukikanyaga mafuta, ikicheza kwenye matundu yake inanyonya hewa ya wizi, hapo gasketi haisaidii, peleka kwa fundi wa kukereza atie bushi.

Kuseti: injini ipate moto kwanza. Skrubu ya mchanganyiko izungushe ndani taratibu mpaka iguse, usikaze, afu irudishe nje mzunguko mmoja na nusu, washa, zungusha kidogo kidogo mpaka injini izunguke haraka na laini, ndo ushushe sailensa kwa skrubu nyingine. Chungulia kooni mwa kabureta injini ikiwa imezimwa, sukuma fimbo ya mafuta, lazima uone petroli inaruka, isiporuka pampu ndogo au diaframu yake imechoka.

Spea wengi wanaagiza Kariakoo zinakuja na basi, mtumie muuzaji picha ya namba iliyogongwa kwenye bodi, jina la gari peke yake halitoshi sababu gari moja lilikuja na kabureta tofauti tofauti. Ripea kiti (seti ya gasketi na vipuri vidogo) ikifika linganisha kila gasketi na ya zamani kabla hujatupa kitu.

Na chujio la hewa la Land Rover lile la oili, njia za mikoroshoni zina vumbi balaa, ukikuta oili imekuwa tope mwaga, safisha na dizeli, jaza mpya mpaka alama, usipitilize.