Kutafuta protini inayoshikwa na dawa

Mimi huanza na joto, maana dawa yenyewe huibadilishi. Protini iliyoshikana na dawa mara nyingi huchelewa kuganda inapopashwa joto. Gawa seli hai mafungu mawili: moja litie dawa, jingine kiyeyushio kitupu. Zipashe dakika 3, kila kichupa na joto lake, nyuzi 40 hadi 64 za Selsiasi. Zipasue kwa kuzigandisha kwa baridi na kuziyeyusha, kisha zizungushe kwa kasi kwenye sentrifuji ili protini zilizoganda zitue chini. Nyonya maji ya juu polepole. Ncha ya pipeti ikigusa mashapo, anza upya, tafadhali. Spektrometa ya masi, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, itakuonyesha protini iliyobaki majini penye dawa, ilhali bila dawa imeshaganda.

Thibitisha kwa kunasa kwa shanga: dawa hufungwa kwenye shanga ndogo sana, nazo huvua protini inayoishika. Ndiyo njia iliyofichua, mwaka 2010, kwamba dawa iitwayo thalidomidi hushika protini iitwayo serebloni.