Somo: Kupima poliateraitisi nodosa, ugonjwa wa ateri unaofika hadi kwenye ini

Leo tunaangalia kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe na kuvimbisha ateri za ukubwa wa kati: za figo, utumbo, neva, ngozi na ini. Mwaka 1866 Wajerumani wawili, Kussmaul na Maier, waliueleza ugonjwa huu kutokana na kijana mmoja fundi cherehani, ambaye baada ya kufa ateri zake zilikutwa na vinundu vinundu. Hapo ndipo neno nodosa lilipotoka.

Kwetu una uzito wa pekee kwa sababu wapo wanaoupata kutokana na virusi vya homa ya ini B. Kingamwili hushikana na vipande vya virusi, kisha mchanganyiko huo hujikusanya kwenye kuta za ateri na kuzivimbisha.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha mvue mgonjwa nguo umtazame. Homa ya wiki kadhaa na malaria haionekani. Uzito unashuka. Misuli inauma, tumbo linakamata baada ya kula, presha imepanda kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Mwanamume muulize kuhusu korodani, maana kwa aibu hatasema mwenyewe. Niliwahi kumpokea dereva wa bodaboda aliyekwisha kutibiwa taifodi mara tatu. Alipoinuka kwenye benchi nikaona kandambili ya kushoto inaburuzika: neva ya mguu ilikuwa imekosa damu. Hakuna aliyekuwa amemwambia atembee. Kwenye mapaja tafuta michoro kama nyavu. Ngozi nyeusi huificha, hivyo mpeleke mgonjwa karibu na dirisha.

Hatua ya 2: Damu na mkojo. Picha nzima ya damu, ESR na CRP (vipimo vya uvimbe mwilini), kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), vimeng'enya vya ini, na mkojo kwa ajili ya damu na protini. Vimeng'enya vya ini vikiwa sawa visikutulize, kwani ateri ya ini inaweza kuwa imeharibika na vipimo hivyo visiseme kitu. Pima HBsAg (alama ya virusi vya homa ya ini B kwenye damu), homa ya ini C, VVU na kaswende. Otesha damu, kwa sababu maambukizi ya vali za moyo huiga ugonjwa huu vizuri mno. ANCA, yaani kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za damu, kwa kawaida huwa hasi. Ikiwa chanya, fikiria ugonjwa mwingine wa mishipa.

Na hapa nawasihi wote: HBsAg ipimwe KABLA ya prednisoloni, dawa inayotuliza kinga. Kipimo ni cha tone la damu na majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Hatua ya 3: Picha. Ultrasaundi ya kawaida haitoshi. Inatakiwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya mishipa yenye dawa ya kung'arisha, baada ya kuona kreatinini. Unatafuta vifuko vidogo kama shanga kwenye ateri za ini, figo na utumbo, na sehemu zilizobana. Vifuko vidogo zaidi huonekana kwa mpira unaopitishwa ndani ya ateri yenyewe.

Hatua ya 4: Kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili cha kuchunguzwa kwa darubini. Chukua panapouma: ngozi hadi kwenye mafuta, au neva ya mguu pamoja na msuli. Usichome ini wala figo kabla ya kuiona mishipa, maana sindano ikikutana na kifuko mgonjwa atavuja damu ndani. Ateri huharibika vipande vipande, kwa hiyo kinyama safi hakiufuti ugonjwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu kituo cha afya, CT iko mkoani. Nifanye nini?*
Marahaba. Una kipimo cha presha, cha mkojo na cha HBsAg. Hivyo vitatu vinafungua njia. Yaandike majibu kwenye rufaa, na andika wazi "nashuku ugonjwa wa ateri". Mguu ukilegea au tumbo likikaza, apelekwe siku hiyo hiyo.

*Mama yangu ana homa ya ini B na viungo vinamuuma. Ndiyo huu?*
Pole, dada. Yamkini siyo. Wengi wenye virusi hivyo hawaupati kamwe, na wanaoupata mara nyingi huwa katika mwaka wa kwanza wa maambukizi. Bado apimwe presha, mkojo na kreatinini.

*Unatofautianaje na homa ya ini inayoletwa na kinga yenyewe?*
Kule kinachoshambuliwa ni seli za ini. ALT (kimeng'enya cha ini) hupanda sana, IgG (kundi la kingamwili) huwa juu, kingamwili kama ANA, zinazoshambulia viini vya seli, huonekana, na kinyama cha ini ndicho kinachothibitisha. Ndiyo maana ni hatari kuyachanganya magonjwa haya: sindano inayohitajika kule huku inaweza kuua.

*Mke wangu anaweza kuambukizwa?*
Ugonjwa wa ateri hauambukizi, ila virusi vinaambukiza. Mkeo na watoto wapimwe, na wasio navyo wachanjwe dozi zote tatu.

*Daktari, nimetumia prednisoloni wiki tano kwa maumivu haya, sikupimwa chochote. Niache leo?*
Usiache ghafla, kaka. Mwili umezoea, na ukikatiza unaweza kuishiwa nguvu na presha kushuka vibaya. Tena, kama una virusi, dawa hii imevipa nafasi ya kuzaliana, na kinga ikirudi kwa kishindo huliangukia ini. Kesho asubuhi nenda na pakiti ya dawa mkononi, upimwe HBsAg pamoja na kingamwili za HBc (sehemu ya ndani ya virusi vya B). Ikiwa chanya, utaanzishiwa dawa ya kuzuia virusi, tenofovira au entekavira, kwanza, ndipo prednisoloni ipunguzwe chini ya uangalizi. Macho yakigeuka njano usiku huu, usisubiri kesho.