Kabla Hujamruhusu Fundi Afungue Pampu

Pikapu kuukuu ya dizeli ikianza kukata pumzi mlimani, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "pampu", yaani ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Huenda likawa kweli. Ila pampu ni kazi ya gharama, na kabla haijaguswa yapo mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyaangalia mwenyewe. Nazungumzia hasa Hilux za injini aina ya 3L na Land Cruiser za 1HZ, zisizo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), maana ndizo tunazozibebesha dagaa, mawese na maharage huku Kigoma.

Kwanza hakikisha ugonjwa upo. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kasulu au Manyovu unapanda. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwa hiyo linganisha kilima kilekile, mzigo uleule, gia ileile. Malalamiko mengine huishia hapo.

Halafu jiulize kama ni injini isiyosukuma au ni gari linalozuiwa. Ukikanyaga mafuta kwenye gia kubwa, injini ikapiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Ukisimama baada ya mwendo mfupi, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake, breki yake inashika. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali hadi chini huku wewe unatazama ndani ya boneti kama mkono wa pampu unafika mwisho wake. Waya uliolegea, au zulia lililojikunja chini ya pedali, hukunyima mafuta bila kelele yoyote.

Sasa tazama moshi gari likiwa na mzigo. Mweusi mzito maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: anza na chujio la hewa, hasa kiangazi. Ukilipuliza, upepo utoke ndani kwenda nje, la sivyo unalishindilia vumbi. Na kama unalazimika kulipuliza kila wiki, nunua jipya. Mweupe unaonuka dizeli mbichi huelekeza kwenye nozeli (vinyunyizio vya dizeli), kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) au taimingi (wakati wa dizeli kuingia). Hapo kumbuka belti ya taimingi ilibadilishwa lini, maana hubadilishwa kila kilomita 100,000. Wa bluu ni oili inayoungua, na hiyo ni safari ya gereji.

Gari lisilovuta na lisilotoa moshi ndilo linalowatesa wengi, na mara nyingi lina kiu tu. Legeza koki iliyo chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa angavu, uiache itulie: maji yatakaa chini. Usiitegemee taa ya dashibodi, kwenye magari haya huenda ilikufa zamani. Dizeli ya madumu ya vijijini huja na maji na uchafu, na dumu lililowahi kubeba mawese ndilo baya zaidi, kwani mabaki yake huganda na kuziba filta. Fungua pia mfuniko wa tenki mara gari linapokosa nguvu. Ukisikia linavuta upepo, kisha nguvu zikarudi, kitundu cha kupitishia hewa kimeziba.

Kama bado, mwombe fundi afunge dumu safi la dizeli juu kuliko pampu, mbali na bomba la moshi, na mipira ya kupeleka na kurudisha iingie humo badala ya tenkini. Gari likivuta vizuri, kosa liko kwenye tenki, kwenye bomba zake au kwenye kiungio kinachoingiza hewa, na pampu haina hatia. Lisipovuta, weka filta mpya kwanza. Baada ya hapo nozeli zitolewe zikapimwe kwenye mashine, kwa kuwa hizo huchoka, na kuzitoa ni rahisi kuliko kuifungua pampu. Pampu iwe ya mwisho, na ifunguliwe na fundi mwenye mashine ya kuipimia.