Windows 10 imekwisha muda: usasishe au uhamie Linux Mint?

Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, na hapa Chake Chake naletewa laptopu kwa ombi lile lile: "Fundi, nipigie Windows 11." Msimamo wangu nausema mapema: mashine isiyotimiza masharti usiilazimishe, ihamishie Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Hatua ya 1: Soma prosesa
Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, piga Enter, utafute mstari wa prosesa. Windows 11 inataka Intel Core ya kizazi cha 8 kwenda juu, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Laptopu ya mtumba kama HP EliteBook 840 G3 huonesha i5-6200U au i5-6300U. Ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo haipiti. i5-8250U inapita.

Hatua ya 2: Angalia TPM
TPM ni chipu ya usalama ndani ya mashine. Andika tpm.msc pale pale. Inatakiwa isome 2.0. Ukiambiwa haipo, ingia BIOS kwanza (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), mara nyingi imezimwa tu. Yote yakikubali, sasisha. Yakikataa, endelea na hatua ya 3.

Zipo njia za kuyaruka masharti. Kwenye mashine ya mteja sizitumii, kwa sababu Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na hesabu zote za duka zimo humo.

Hatua ya 3: Pima kazi zako
Mwalimu wa skuli anayeandika mitihani na kujumlisha alama atatosheka na LibreOffice, programu ya bure ya ofisi inayofanya kazi kwenye Mint. Mwenye programu ya hesabu inayokubali Windows pekee asihame. Ajiandikishe kwenye masasisho ya ziada ya usalama, kupitia ukurasa wa masasisho wa Windows 10, yatakayomfikisha Oktoba 2026 huku akitafuta mashine nyingine.

Hatua ya 4: Jaribu bila kufuta
Hapa usiwe na haraka. Shusha Linux Mint, karibu GB 3, uiandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia mashine. Washa mashine huku ukibonyeza F9 kwa HP, F12 kwa Dell au Lenovo, uchague flashi. Mint itafunguka yote kutoka humo, Windows haijaguswa. Unganisha Wi-Fi, sikiliza sauti, fungua faili lako la Word lenye majedwali mengi, kisha chapisha karatasi moja kwa printa unayoitumia kila siku. Printa ndiyo inayosumbua watu kuliko vyote. Ikigoma, heri ujue kabla diski haijafutwa.

Hatua ya 5: Hama
Nakili mafaili kwenye diski ya nje, uyafungue mawili matatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Betri ijae na chaja ichomekwe, maana umeme ukikatika diski ikiwa inaandikwa, kazi unaianza upya. Kisha bofya alama ya kusakinisha iliyopo kwenye skrini ya Mint.