Acha kukariri magonjwa ya mifugo, panga daftari kwa dalili

Wale mnaoanza fildi ya mifugo, yaani mafunzo ya vitendo, huku Mpwapwa na Chamwino hii inawahusu. Mimi mwaka wa kwanza daftari langu lilikuwa zuri balaa, magonjwa kwa alfabeti, rangi rangi, halafu nikafika boma la kwanza mzee ananiuliza "mjukuu wangu, huyu ana nini?" nikabaki natoa macho, maana ng'ombe hakuja na jina la ugonjwa, kaja na homa na amegoma kula.

Kwa hiyo kila ukurasa uwe wa dalili: homa, kutupa mimba, kuharisha, kufa ghafla. Chini yake unaandika magonjwa yanayoileta na kitu kimoja kinachoyatofautisha, basi.

Mfano homa. Ya kupe peke yake yako manne na yanachanganya watu kila siku. Ndigana kali nenda kwenye tezi, pitisha vidole chini ya sikio kisha mbele ya bega, ikivimba unaisikia inateleza chini ya ngozi kama yai, shika na upande wa pili ulinganishe. Themomita inasoma 40 na kuendelea wakati kawaida yake ni 38 na ushee, na akizidiwa anahema kwa shida na povu linatoka puani. Ndigana baridi ufizi unapauka au unaenda njano, kinyesi kikavu, ila mkojo hauna damu. Kukojoa damu jina lenyewe limeshasema. Maji moyo anatetemeka, anazunguka, ananyanyua miguu kama anaruka mtaro.

Slaidi ya damu ya sikio, yaani tone la damu kwenye kioo cha kuangalia kwa darubini, ni nzuri lakini kwa ndigana kali siku za mwanzo inaweza kukudanganya, vijidudu vinaonekana kwanza kwenye majimaji ya tezi, kwa hiyo jifunze kuchoma tezi sindano uyavute majimaji hayo, mwombe mtaalamu akusimamie.

Halafu usikimbilie themomita kabla hujamsalimia mwenye ng'ombe. Yule mzee nilipokaa nae kwenye kigoda ndo akasema huyo dume kamnunua mnadani Msalato kama wiki mbili zilizopita, na ndigana kali huchukua muda kama huo toka kupe aume mpaka homa ipande, tena mgeni asiyezoea kupe wa sehemu ndo anaumia zaidi. Ningeuliza mapema nisingeaibika.

Ukurasa wa kufa ghafla andika kwa wino mwekundu: damu inatoka puani au nyuma na haigandi, USIPASUE. Hiyo unaihesabu kimeta mpaka maabara ikatae, ukifungua mzoga unaviachia vijidudu hewa, vinajitengenezea ganda na kukaa kwenye udongo miaka na miaka.

Na wa kutupa mimba, mvua kubwa ikiwa imepiga na mbu wamejaa, kumbuka Homa ya Bonde la Ufa, 2007 iliua watu hapa hapa Dodoma. Glavu kwanza, hata kama mfugaji anakucheka.