Somo: Goti linalosagika, kuanzia kiti hadi mkongojo

Kila wiki ni lile lile: “Mama magoti yameisha mafuta, nimpe dawa gani?” Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Goti haliishiwi mafuta. Gegedu linalofunika ncha za mifupa limelika, mfupa umeota vijimwiba pembeni, paja limelegea. Ute upo, wakati mwingine umezidi hadi goti linavimba. Bamia na supu ya kongoro ni chakula kizuri, gegedu hayaoteshi.

1. Hakikisha ni ugonjwa huu wa gegedu kulika: umri 45 na kuendelea, maumivu huja ukilitumia goti, ugumu wa asubuhi hauzidi nusu saa. Goti jekundu, la moto, na homa juu yake? Hospitali leo hii.

2. Uzito. Kilo moja ikipungua, goti linatuliwa kama kilo nne kila hatua.

3. Punguza kuchuchumaa. Mbuzi ya nazi na kigoda cha kufulia vinalikunja goti mno.

4. Kukaa na kusimama. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliwahi kuifundisha vibaya. Kiti kigumu, mgongo wake ukutani, mikono kifuani. Inuka kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya nne, magoti yasiingie ndani. Mara 8, pumzika dakika, rudia hadi seti tatu. Fanya leo, kesho pumzika. Kiti kikikushinda, weka mto ukiinue.

Kosa ni hili: siku goti limetulia, mtu anapiga arobaini. Kesho yake choo hakifiki, anatangaza kwamba mazoezi yanaua goti. Yape maumivu alama, 0 hadi 10. Hadi 5 wakati wa zoezi ni sawa, mradi asubuhi inayofuata yawe yamerudi kwenye hali yake ya kawaida. Hayajarudi? Punguza nusu, USIACHE. Na usitoe hukumu kabla ya wiki 6 hadi 12.

5. Mkongojo: mkono wa upande wa goti zima. Ukiwa na viatu, mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, panapovaliwa saa. Mpira wa chini ukilika, badilisha.

6. Dawa: anza na jeli ya kupaka ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Vidonge vyake si pipi, vinachubua tumbo na kuumiza figo.

MASWALI

Kijana wa Bara: Mkuu, sasa dawa ya kumaliza kabisa ni ipi?
— Hakuna. Rudi juu usome.

Dereva: Napiga diklofenaki za 50, mbili kutwa mara tatu. Presha ninayo ila goti limetulia. Shida iko wapi?
— Umeiandika mwenyewe. Hiyo ni miligramu 300, kikomo kwa siku ni 150, na dawa hiyo hupandisha presha. Nenda kwa daktari, usibishane na mimi.

Bi Mwana: Shikamoo mwalimu. Kwa nini mkongojo usishikwe upande unaouma?
— Marahaba, swali zuri. Ukiushika upande huo, unaulalia, na uzito wote unakwenda pale pale. Ukiwa upande wa pili, mkongojo na mguu mbovu vinatua pamoja, mzigo unagawanyika. Ngazini: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mkongojo na mguu mbovu vitangulie.

Mjukuu: Bibi kapewa unga wa mitishamba, siku mbili maumivu kwisha. Sasa mwezi wa pili, uso umemvimba.
— Unga unaotuliza hivyo, uso ukavimba, huenda umechanganywa na prednisoloni au deksamethasoni, dawa za hospitali za jamii ya steroidi. Asiache ghafla, mwili unaweza kumwangusha. Mpeleke na pakiti yenyewe, apimwe sukari na presha.

Abuu: Na sijida?
— Mgonjwa aswali kwenye kiti, ainame kwa rukuu, zaidi kidogo kwa sijida.

Mama Wawili: Choo chetu cha shimo. Nimekata tundu kwenye kiti cha plastiki.
— Plastiki ikishakatwa hupasuka, miguu ikatanuka na mzee chini. Tafuta fundi akutengenezee cha mbao, miguu minne minene, na upau ukutani wa kushikilia.