Kulinganisha Pride and Prejudice na filamu yake

Anza na riwaya ya Jane Austen. Ukitanguliza filamu, Darcy, yule bwana tajiri wa hadithi, atabaki na uso wa mwigizaji Matthew Macfadyen mpaka ukurasa wa mwisho. Usihangaike kuorodhesha kila kilichokatwa, utachoka bure. Chagua tukio moja. Mimi huchukua pale Darcy anapomposa Elizabeth, mhusika mkuu, mara ya kwanza, naye anamkataa kwa hasira. Jane Austen (1813) aliwaweka ndani, nyumbani kwa akina Collins, jamaa za Elizabeth, na maneno mengi ya Darcy akayasimulia kwa muhtasari tu. Mwongozaji wa filamu, Joe Wright (2005), akawatoa nje, mvua inanyesha, nyuso karibu zigusane. Jiulize: hasira ya Elizabeth imezidi, au imegeuka hamu? Mimi naona hamu, tena imekuja mapema mno. Kisha fuatilia barua ambayo Darcy anampa Elizabeth baada ya kukataliwa: kitabuni inajaza sura nzima, na Elizabeth anairudia hadi anajionea aibu, kwenye filamu inapita upesi.